Jibu: Tamaa zikibaki baada ya kuokoka, je, wokovu si wa kweli?

Ndugu yangu, umeuliza kama wokovu wako ni wa kweli, maana unafunga na kuomba lakini tamaa za mwili bado zinakusumbua usiku. Vita hiyo si ushahidi kwamba Roho amekuacha. Paulo aliwaandikia Wagalatia, watu waliokwisha kuamini, kwamba mwili na Roho hupingana (Gal 5:17). Asiye na Roho angepingana na nini?

Mtazame Augustino, mwalimu maarufu wa Kanisa la kale. Alibatizwa Milano mwaka 387, baada ya miaka mingi ya kuishi na mwanamke bila ndoa. Takriban miaka kumi baadaye, akiwa askofu wa Hippo, Algeria ya leo, alikiri waziwazi kwamba picha za zamani bado zilimjia ndotoni, na kwamba hata chakula kilimpa vita. Askofu! Wala hakuacha kuomba.

Halafu rudi Wagalatia 5, uendelee kusoma aya ya 19 hadi 21. Matendo ya mwili ni uasherati na ulevi, ndiyo, lakini humo humo kuna uadui, wivu, hasira na fitina. Makanisani tunalisahau hili mno. Basi “mwili” hapo si nyama na damu tu, ni hali ya dhambi ndani yetu. Kwa hiyo usiuchukie mwili wako; Paulo huyo huyo anauita hekalu la Roho Mtakatifu (1 Kor 6:19).

Funga, ila usifunge kama kujiadhibu. Tafuta mchungaji au mzee wa kanisa anayetunza siri, umweleze yote. Na hizo saa za usiku ulizozitaja, simu iache sebuleni.