Re: Mwanafunzi hatulii darasani, ni ADHD au utundu tu?
Mwalimu, umeuliza kama huyo kijana wako anayeinukainuka na kurusha vitu ana ADHD, yaani ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza akili kupita kiasi cha umri wake, mi nasema usikimbilie kumpa hilo jina. Anza na macho, masikio, usingizi, maana asiyeona ubaoni naye hatulii ati. Halafu chukua daftari, kila akilipuka andika vitu vitatu tu: kabla kulikuwa na nini, yeye kafanya nini, na baada ya hapo kapata nini. Usiandike "ana kiburi", hiyo ni hukumu, andika "kaambiwa anakili ubaoni, katupa penseli, katolewa nje". Ikijirudia kila kipindi cha kuandika basi jua kutolewa nje ndo anachotaka, adhabu yako kwake ni zawadi, na pengine shida ni kuandika kwenyewe, kwa hiyo mpe mistari miwili, amalize akuonyeshe, ndo umpe mingine, na mfundishe kuomba mapumziko kabla hajalipuka.

ADHD yenyewe wataalam wanataka dalili zimedumu angalau miezi 6, zilianza kabla ya miaka 12 na zinaonekana sehemu zaidi ya moja, so lazima uongee na mzazi, kama nyumbani anatulia vizuri tu basi angalia darasa kwanza. Kuna dodoso la SDQ, la kuangalia tabia na hisia za mtoto, maswali 25, mwalimu anajaza lake na mzazi lake, ila ni la kuchuja tu, halitoi jibu la ugonjwa.

Akianza kujiumiza au kusema hataki kuishi, achana na daftari, mtafutie mtaalam siku hiyohiyo.