Jumuiya, muungano au shirikisho?

Mhariri, mmeuliza nchi zetu nane za Afrika Mashariki ziitweje siku zikiwa kitu kimoja: jumuiya, muungano au shirikisho. Nitajibu, ingawa linalonikera ni jingine: kwa nini neno lenye asili yetu wenyewe tunalipita kama halipo?

Jumuiya limetoka Kiarabu, ukoo mmoja na jamaa na Ijumaa. Shirikisho nalo ni la huko huko; tena hapa Uganda ukilitamka tu watu wanasikia federo, yaani dai la Buganda la kujitawala ndani ya Uganda, na mazungumzo yamesharudi Mengo, 1966, jeshi la Obote lilipovamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Tuliache. Muungano ni Kibantu kitupu. Kuunga uzi, kuunga mchuzi, viungo, maungo ya mwili, vyote ni humo. Hata Mganda hahitaji kamusi, kwao ni okuyunga.

Nimekulia Tororo, nyumba za reli, enzi za Reli ya Afrika Mashariki. Mzee wangu alikuwa akiunga mabehewa pale njia zinapoachana, moja ikienda Kampala, nyingine Mbale na Soroti. Jioni tulipanda ukutani kumtazama. Injini inarudi nyuma polepole, yeye kainua taa, mara chuma kinagonga chuma na mlio unakimbia behewa kwa behewa hadi la mwisho, nasi tunashindana kuuiga. Kisha anaingia katikati, anainama, tunabaki kuona kofia. Mama hakupenda tuangalie hapo. Siku moja nilimuuliza mzee mbona viungo havikazwi kabisa, vinachezacheza. Akanijibu kwa ukali kidogo, alikuwa amechoka: ukikaza yote, injini itavuta mzigo wote kwa mpigo na haitaondoka, acha nafasi, itavuta la kwanza, la pili, la tatu. Na kwenye kona je? Yangetoka relini.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, reli ikagawanywa.

Nilipoanza kuandika nilitaka muungano. Sasa nasita. Mkataba wa 1999 ulioifufua Jumuiya wenyewe unakwenda behewa kwa behewa: umoja wa forodha umeanza 2005, soko la pamoja 2010, sarafu moja bado, na shirikisho la kisiasa liko mwisho kabisa. Kwa hali hiyo jumuiya, yaani jamaa waliokutana, ndilo jina la kweli kwa leo, Kiarabu au si Kiarabu (na Kiswahili bila Kiarabu tungeuliza hata maswali gani?). Muungano liwekwe akiba, mradi tu wakubwa wasianze kukaza kabla ya wakati. Sarafu ikifika, mniulize tena.

Msomaji, Tororo