Harriet Jones, mbunge wa Flydale North

Mleta uzi umeuliza ni mwanasiasa gani wa pembeni, kwenye tamthilia za anga na viumbe wa ajabu, ambaye hatujamsahau. Mimi wangu ninaye: Harriet Jones wa Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya kiumbe wa anga aitwaye Daktari anayesafiri katika muda na kuokoa dunia. Harriet aliigizwa na mama Penelope Wilton.

Anaingia 2005 akiwa mbunge tu, wala si waziri. Chombo cha anga kimeanguka mto Thames, London nzima imechanganyikiwa, yeye yuko Downing Street, kwenye ofisi ya Waziri Mkuu, na makaratasi yake anatafuta wa kumsikiliza habari za hospitali ndogo ndogo. Kila anayekutana naye anachomolewa kitambulisho: "Harriet Jones, mbunge wa Flydale North." Hakuna aliyemuuliza.

Hapo ndipo aliponishika. Kabla ya chuo nilijitolea ofisi ya kata, kazi yangu kuandika mihtasari. Kulikuwa na mwenyekiti wa kijiji, mama wa makamo, kila kikao anakuja na bahasha ya kaki ya mambo ya zahanati, imelainika kwa kubanwa kwapani. Anajibiwa, "Mama, hiyo tuiweke kwenye mengineyo." Mengineyo yakifika, nusu ya wajumbe wameshaondoka na waliobaki wanaulizia posho. Basi nilipomwona Harriet kajibanza kabatini, majitu ya anga yaliyojivika ngozi za watu yanafungua zipu za paji la uso na kumuua jenerali mbele ya macho yake, nilijua kabisa huyu ni nani.

Tena ndiye anayeamua. Daktari anasita kuruhusu kombora lipigwe kwenye jengo hilo hilo walimo, kwa sababu Rose, msichana anayesafiri naye, yumo ndani. Harriet anasema humu ndani aliyechaguliwa na wananchi ni mimi peke yangu, piga.

Sasa ile ya Krismasi 2005 ndiyo tuligombania hosteli mpaka usiku wa manane. Ameshakuwa Waziri Mkuu. Sycorax, wavamizi kutoka anga, wamewaua watu wake wawili akiwaangalia, Daktari kawashinda kwa upanga, wanaondoka zao. Harriet anatoa amri, chombo kinalipuliwa kikiwa kinakimbia. Hoja yake: Daktari hayupo siku zote. Daktari akakasirika, akamnong'oneza msaidizi wa Harriet maneno machache tu: huoni kama anaonekana amechoka? Unga ukamwagika.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa upande wa Daktari. Kumpiga anayekimbia ni mauaji, alisema, na hapo sina ubishi naye. Lakini mgeni asiye na kura hata moja anamwangusha kiongozi wa watu kwa umbea, na huyo huyo alishasema Harriet angeongoza vipindi vitatu! Pengo lile mwaka 2007 likazibwa na Harold Saxon, na aliyeangalia anajua Saxon alikuwa nani: adui mkubwa wa Daktari aliyejificha kwa jina hilo.

Anarudi mara ya mwisho 2008. Dalek, maadui wa Daktari wanaotembea ndani ya magamba ya chuma, wameiteka dunia, yeye yuko nyumbani peke yake, kawaunganisha rafiki wa Daktari kwa mtambo wa siri ili wampigie. Anajua Dalek wataufuata mtambo mpaka mlangoni kwake. Wanapoingia anainuka, anachomoa kitambulisho: "Harriet Jones, Waziri Mkuu wa zamani." Dalek wanajibu kwamba wanamjua.

Mwenzangu, yule yule wa Daktari, akaomba turudishe nyuma.