Usiongeze shimu kwenye 1HZ mpaka kelele iishe

Ndugu, mzuie huyo fundi kwanza. Umesema Land Cruiser yako yenye injini ya dizeli ya 1HZ inagonga tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu), fundi anataka kuweka shimu (kisahani cha chuma kinachojaza nafasi kati ya kemshafti na tapeti) nene "mpaka injini inyamaze", nawe unauliza kama ni sawa na utumie oili gani. Si sawa hata kidogo! Maneno hayohayo ndiyo niliyoambiwa mimi, na yalinigharimu silinda hedi.

Yangu ilikuwa inagonga hivyohivyo. Fundi anayesifiwa mtaa mzima akaniambia injini isiyo mbovu haina mlio, akaniwashia Hiace yenye injini ya 2TR iliyokuwa pale gereji nisikie ilivyo kimya. Kisha akabana valvu zote 12 mpaka fila geji (kibamba cha kupimia nafasi) nyembamba kabisa haipenyi. Nikaondoka nimefurahi. Baada ya wiki chache, asubuhi inawaka vizuri, lakini ikishapata moto inaishiwa nguvu kila kilima. Nikarudi kwake, akasema ni nozeli. Nikanunua nozeli zote sita, tatizo likabaki palepale. Kwenda kupima kompresheni kwa mtu mwingine, silinda mbili hazina kitu. Hedi ikashushwa: valvu mbili za egzosti (za kutolea moshi) zimeungua ukingoni na siti zake (pale valvu inapokalia ikijifunga) zimelika. Nililipia valvu, siti, gasketi na kazi ya mashine, gari likiwa limelala juu ya mawe. Yule fundi hakunirudishia hata senti, na mpaka leo nina hasira naye, maana alikuwa anafundisha vijana wawili kazi hiyohiyo.

Ile 2TR ina tapeti za haidroliki. Presha ya oili inaingia ndani ya tapeti na kuziba nafasi yenyewe, hivyo hakuna shimu ya kubadilisha. Ikigonga, unaanza kuangalia oili na presha yake. 1HZ haina mfumo huo, kwa hiyo oili haiwezi kuziba nafasi hiyo. Ina kikombe cha chuma na shimu juu yake, basi. Valvu ikipata moto inarefuka. Usipoiachia nafasi, haikai sawasawa kwenye siti, na valvu ya egzosti inategemea siti hiyo kupunguza joto lake. Moto unapenya pembeni mpaka inaungua.

Tena valvu na siti zikilika, nafasi hupungua. Yaani 1HZ inaweza kunyamaza kadiri inavyoharibika! Kwa hiyo sikio lisipime chochote. Apime kwa fila geji, injini ikiwa baridi kabisa, nundu ya kemshafti ikitazama juu: inteki (valvu za kuingizia hewa) 0.15 hadi 0.25 mm, egzosti 0.35 hadi 0.45 mm. Akikuta egzosti ina 0.10 na shimu iliyomo ni 2.80, ili apate 0.40 anahitaji shimu ya 2.50, yaani nyembamba zaidi, kinyume kabisa na anachotaka kukufanyia. Na hiyo shimu ya zamani aipime kwa maikromita, asiamini namba iliyoandikwa juu yake, kwa sababu huenda imeshalika.

Kabla hajagusa shimu hata moja, akuandikie vipimo vya valvu zote 12 kwenye karatasi. Akikwambia haina haja, chukua funguo zako uondoke.