Bima ya pembeni ya gari la kukodi: anayelipa kwanza ni wewe

SWALI: Mimi na mume wangu tutakodi gari kwa siku 10. Tutalichukua Hispania na tunataka kuvuka nalo hadi Ureno. Mkataba unasema eksesi, yaani sehemu ya hasara tutakayoibeba wenyewe gari likiharibika, ni euro 1,400, na nyongeza ya kuiondoa inayouzwa kaunta inakaribia bei ya kukodi gari lenyewe. Mtandaoni nimeona bima ya pembeni ya eksesi, inayouzwa na kampuni nyingine isiyo ya gari, kwa bei ndogo sana. Je, nikionyesha cheti chake kaunta, hawatazuia zile euro 1,400 kama dhamana kwenye kadi yangu? Na gari likikwaruzwa, kampuni ya bima itawalipa moja kwa moja? Kuna wakala ametutumia ujumbe kwenye simu akisema bima yake inakubalika nchi zote, na kwamba hata tukisahau, anaweza kutukatia tukiwa tayari barabarani.

JIBU: Watazuia. Hawatalipwa moja kwa moja. Na huyo wakala msimtumie hata senti.

Kwa safari kama yenu, kununua bima ya pembeni ni uamuzi mzuri, na sina neno na hilo. Tatizo ni imani moja ambayo inawagharimu watu kila msimu wa likizo: kwamba ukishakuwa na cheti, kampuni ya bima imekaa kwenye kiti chako mbele ya mwenye gari. Haijakaa. Una mikataba miwili isiyofahamiana. Mmoja ni wako na mwenye gari, na kwa mkataba huo mdaiwa ni wewe peke yako. Wa pili ni wako na kampuni ya bima, nao unasema hivi: ukishalipa, tuletee karatasi, tukiridhika tutakurudishia. Mfanyakazi wa kaunta hana sababu yoyote ya kukitambua cheti chako, na wala hakosei anapokisukuma pembeni.

Hata ile "kinga kamili" ambayo tovuti za madalali wa magari hukuongezea wakati wa kuweka nafasi, mara nyingi ni bima ya aina hii hii ya kurudishiwa. Watu hufika kaunta wakiamini wameshalipa kila kitu, wanaambiwa kadi itazuiwa, wanadhani wanaibiwa, ugomvi unaanza. Katika ugomvi huo wengi hununua na nyongeza ya kaunta, wakawa wamelipia hatari moja mara mbili.

Ili uone bima ya pembeni inashika wapi, angalia kilicho chini yake. Kwenye mkataba wa gari utakuta herufi CDW. Wengi huzisoma kama bima kubwa. Kwa kweli ni ahadi ya mwenye gari kwamba gari likiharibika hatakudai zaidi ya kiwango fulani, mradi umefuata masharti yake. Kiwango hicho ndicho eksesi, zile euro 1,400 zako. Watu utakaowagonga na mali zao wanashughulikiwa na bima ya mtu wa tatu, ambayo gari la kukodi Ulaya lazima liwe nayo. Kima cha chini cha Umoja wa Ulaya kwa majeruhi ni euro 6,450,000 kwa ajali moja, au 1,300,000 kwa kila majeruhi, na kwa mali ni 1,300,000 kwa ajali. Bima ya pembeni haigusi huko kabisa. Yenyewe inaziba lile pengo la euro 1,400, na ikiwa imeandikwa vizuri, inaongeza vitu ambavyo CDW nyingi huviacha nje: tairi, rimu, vioo, paa, sehemu ya chini ya gari, ufunguo uliopotea, mafuta yasiyo sahihi.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wauzaji hawaitaji. Bima ya pembeni imejengwa juu ya CDW. CDW ikianguka, nayo inaanguka. Ukivunja sharti la mkataba wa gari, kwa mfano dereva asiyeandikwa ameshika usukani, au kuna pombe, au gari limevuka mpaka bila ruhusa, mwenye gari anaweza kukudai hasara yote badala ya 1,400. Ukikimbilia bima ya pembeni, watafungua mkataba uleule, watasoma sharti lilelile, nao watakataa. Kwa hiyo wewe na mumeo, kama wote mtaendesha, wote muandikwe kwenye mkataba wa gari hata kama dereva wa pili analipiwa. "Ataendesha kidogo tu kutoka hotelini" ndiyo kilomita inayoua dai. Na kuhusu Ureno, mwambieni mwenye gari kabla ya kuondoka, mlipe ada ya kuvuka mpaka kama ipo, na ruhusa iandikwe kwenye mkataba. Kauli ya mdomo ya kijana wa kaunta haitasaidia kitu ikifika kwa mkaguzi wa madai. Halafu hakikisheni hati ya bima inataja eneo lenye nchi zote mbili.

Tuje kwenye kadi. Fedha za dhamana huzuiwa kwenye kadi yenye jina la dereva mkuu, na makampuni mengi yanataka kadi ya mkopo. Kadi ya kawaida ya benki hukataliwa au hukubaliwa kwa sharti la kununua nyongeza yao, na ya kujaza fedha kabla ni vigumu kabisa kupita. Soma kiasi cha dhamana kwenye masharti ya kukodi kabla ya kulipia chochote, kwa sababu si lazima kilingane na eksesi: wengine huongeza thamani ya tangi la mafuta. Kama kadi yako haiwezi kubeba kiasi hicho kwa siku zote kumi, na siku kadhaa zaidi hadi kizuizi kiondolewe, basi kwako nyongeza ya kaunta ndiyo njia, na bima ya pembeni usiinunue. Kama kadi inabeba, nunua ya pembeni, na kaunta ukatae nyongeza kwa upole. Soma unachosaini kwenye skrini, maana sahihi moja inaweza kuwa imekubali nyongeza uliyoikataa kwa mdomo.

Kwenye hati ya bima yenyewe, mambo matatu ndiyo yanayowaangusha wengi. La kwanza ni makazi. Bima hizi huuzwa kwa wakazi wa nchi zilizotajwa, na nyingi kati ya zile za bei nafuu unazoziona zinawahusu wakazi wa Ulaya pekee. Ukichagua nchi usiyoishi ili ukurasa ukubali, utapata cheti kizuri tu, na siku ya dai wataomba uthibitisho wa anwani. La pili ni jina: mwenye bima awe ndiye dereva mkuu kwenye mkataba wa gari, herufi kwa herufi kama kwenye leseni. La tatu ni muda: bima ikatwe kabla hujasaini kuchukua gari. Hapo ndipo uongo wa wakala wenu unapoonekana, kwa sababu masharti ya kawaida ya bima hizi hayaruhusu kukatwa gari likiwa tayari mikononi mwako. Angalia pia umri wa dereva, idadi ya siku kwa ukodishaji mmoja, kiwango cha juu kwa dai moja (kisiwe chini ya eksesi yako), na aina ya gari. Magari ya mizigo, magari yenye vitanda na magari ya thamani kubwa mara nyingi hayamo.

Dai huanza kujengwa siku ya kuchukua gari. Kabla hujawasha injini, piga picha pande nne, paa, kioo cha mbele, kila rimu peke yake, ukingo wa chini wa bampa, viti, kipimo cha mafuta na kilomita. Kama ni usiku, tumia tochi. Mikwaruzo ya rimu na bampa haionekani kwenye giza la maegesho, na ndiyo inayotozwa zaidi. Kila alama uliyoiona iandikwe kwenye fomu ya hali ya gari, na fomu isainiwe na mfanyakazi, kabla hujatoka getini. Wakati wa kurudisha fanya yaleyale. Ukitupa ufunguo kwenye kisanduku usiku, mikataba mingi inakuhesabu wewe kuwa mwenye dhamana hadi ofisi ifunguliwe, kwa hiyo rudisha saa za kazi ikiwezekana.

Mkigongana na gari jingine, Ulaya kuna fomu ya pamoja ya taarifa ya ajali, kwa kawaida imo ndani ya kisanduku cha dashibodi. Madereva wote wawili huijaza na kuisaini, kila mmoja anabaki na nakala. Usisaini ya lugha usiyoielewa kabla hujajua umekubali nini. Kukiwa na majeruhi, piga 112. Gari likiibwa, au aliyekugonga akikimbia, ripoti ya polisi ni lazima; bila hiyo hakuna wa kukusikiliza. Mwenye gari naye aarifiwe mara moja, maana mikataba mingi hutoa saa 24 au 48.

Baada ya hapo mwenye gari atakata fedha kwenye kadi. Mwache akate kiasi kilicho halali, na wewe mdai mchanganuo: matengenezo kiasi gani, ada ya kushughulikia faili kiasi gani, siku ambazo gari halikufanya kazi kiasi gani. Kampuni ya bima haitalipa jumla isiyo na maelezo, na kuna hati za bima zinazorudisha matengenezo lakini zinaiacha ada ya faili. Faili lako liwe na mkataba wa gari, fomu ya hali ya kuchukua na ya kurudisha, taarifa ya ajali, ankara ya uharibifu, nakala ya leseni, na taarifa ya kadi inayoonyesha fedha zimetoka. Hiyo ya mwisho huchanganywa sana. Karatasi ya kuzuia dhamana haithibitishi malipo. Kuzuiwa na kutozwa ni vitu viwili.

Kuna ushauri unaozunguka mitandaoni kwamba ukitozwa, nenda benki upinge muamala, kisha udai na bima. Ni ushauri wa hovyo. Benki ikikurudishia, huna hasara ya kudai bima. Mwenye gari naye anabaki na deni lako, anaweza kulipeleka kwa wakusanya madeni, na ukidai bima huku fedha umerudishiwa, hilo lina jina lake katika sheria. Pinga muamala tu pale ambapo uharibifu si wako na picha zako zinaonyesha hivyo.

Msilichukulie jibu hili kama ramani ya nchi nyingine. Marekani bei ya kukodi mara nyingi haina CDW ndani yake, kwa hiyo bima inayolipa eksesi pekee haina pa kushika, unahitaji ile inayobeba gari zima. Bima ya mtu wa tatu huko inaweza kuishia kwenye kima cha chini cha jimbo. California, kwa mfano, hata baada ya kukipandisha mwanzoni mwa 2025, ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa ajali na 15,000 kwa mali. Kulazwa hospitali siku chache kunatosha kuvuka hapo, na tangu 2005 sheria ya shirikisho inamkinga mwenye gari la kukodi asidaiwe kwa sababu tu gari ni lake. Anayebaki mbele ya mdai ni dereva. Iceland nako, barabara za milimani zenye herufi F zinataka gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, na injini iliyoingia maji wakati wa kuvuka mto kwa kawaida hakuna anayeilipia. Japani inatambua kibali cha kimataifa cha kuendesha kilichotolewa chini ya mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani wa 1949, si ule wa 1968, na mtu anayeendesha bila kibali kinachotambulika amejitoa mwenyewe kwenye kinga za mkataba wa gari, awe amelipia ngapi.

Ndiyo maana maneno "inakubalika nchi zote" yananiudhi. Hakuna hati ya bima isiyo na orodha ya maeneo, ya magari na ya madereva; anayesema yake haina ama hajaisoma ama hakuna hati. Anayeuza bima kihalali ataweza kukutumia masharti kamili kabla hujalipa, si cheti cha ukurasa mmoja chenye mhuri. Ndani yake kutakuwa na jina la kampuni ya bima inayobeba hatari, ambalo mara nyingi ni tofauti na jina la muuzaji, pamoja na nchi iliyosajiliwa na mamlaka inayoisimamia. Ingia kwenye rejesta ya mamlaka hiyo wewe mwenyewe, kwa kuandika anwani na si kwa kubonyeza kiungo alichokutumia, utafute jina hilo na jina la wakala. Kisha piga simu kitengo cha madai kwa namba iliyo kwenye rejesta au kwenye tovuti ya kampuni hiyo, uwape namba ya hati, uwaulize kama wanaitambua. Akikuharakisha ulipe kwanza, au akitaka fedha ziende kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hapo mazungumzo yamekwisha.