Anapepesuka na pombe hajawai onja

MASWALI YENU, na majibu ya fisio wetu

Swali: Habari daktari wa mazoezi. Naandika nikiwa Nyalenda hapa Kisumu. Mzee wangu ana miaka 46, ni fundi wa baiskeli Kibuye, na sasa ni mwaka wa tatu anatembea akipepesuka, miguu ameitanua kama mtu amesimama kwa mtumbwi, maneno yanavutika, hata kufunga nati imekuwa shida juu mkono unapitiliza. Alipigwa MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, wakasema ubongo mdogo wa nyuma umesinyaa, inaitwa ataksia, na ni ya familia, babake pia alikuwa hivo. Dawa ya kuponya hakuna, tukaambiwa twende fisio. Tumeenda mara nne, anakandwa miguu, anawekewa taa ya joto, anarudi vile tu alikuwa, na nauli inatumaliza. Lakini kile kinaniuma zaidi ni watu. Juzi kondakta alimshusha akisema hawezi beba mlevi, na huyu mtu hata busaa hajawai onja. Niambie ukweli, fisio inasaidia ama tuache? (Mama Watoto, Nyalenda)

Jibu: Mama Watoto, pole sana, hiyo ya kondakta nilisoma nikaweka simu chini kwanza. Nimeiskia kwa wagonjwa wengi mno, mtu anaanguka kwa mtaro watu wanapita tu wakisema ni chang'aa.

Ukweli ni kwamba inasaidia, lakini si hiyo ya kukandwa. Misuli ya mzee haina shida kubwa, nguvu anayo. Kile kimeharibika ni ile sehemu ya nyuma ya kichwa inayopanga msuli gani uanze, ukaze kiasi gani na uache saa ngapi. Fikiria kwaya, waimbaji wote wana sauti nzuri lakini kila mtu anaanza wimbo wakati wake. Sasa ukikanda miguu ni kama unawapa waimbaji chai ya tangawizi, watafurahi lakini wimbo utabaki vile vile! Wanahitaji kurudia wimbo pamoja, polepole, siku baada ya siku.

Na hii si maneno yangu tu. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walichukua watu 16 wenye ataksia ya kuendelea, wakawafanyisha mazoezi ya balansi na ya kupanga mwendo saa moja, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 4, kisha wakaendelea nyumbani. Walitembea vizuri kuliko walivyokuja, na wale ubongo mdogo ndio umeguzwa, kama mzee wako, ndio walifaidika zaidi. Walipofuatiliwa baada ya mwaka mmoja faida ilikuwa bado iko, ingawa ugonjwa wenyewe ulikuwa unasonga. Kwa hivyo usitarajie apone, tarajia aanguke mara chache na aendelee kushika spana miaka mingi kuliko vile angeshika akikaa tu kwa kiti.

Sasa nauli. Si lazima uende kila wiki. Enda mara moja, mwambie fisio hivi, "nataka programu ya balansi na koordinesheni ya kufanya nyumbani," akuonyeshe, urekodi na simu, halafu urudi baada ya mwezi aongeze ugumu. Kuongeza ugumu ni muhimu kabisa, juu zoezi ambalo mzee anafanya bila kuyumba hata kidogo halimfundishi kitu. Linafaa kuwa gumu kiasi cha kuyumba lakini si cha kuanguka.

Kwa nyumba naanzanga na kona. Asimame mgongo uangalie kona ya ukuta, kiti kizito mbele yake, hapo hata akiyumba ukuta unamshika. Aanze miguu ikiwa mbali kidogo, akizoea ailete karibu karibu, akizoea aguze ukuta huu na mkono halafu ule mwingine, akizoea ageuze kichwa polepole. Baadaye apige magoti kwa mkeka, mikono chini kama mtoto anayetambaa, ainue mkono mmoja, kisha mguu wa upande mwingine, kisha vyote viwili pamoja. Kutembea afanye ya kwenda kando kando akishika meza, na kugeuka ndio mzoeze zaidi ya yote kwa sababu wengi huanguka wakigeuka haraka mtu akiwaita kutoka nyuma. Ageuke na hatua ndogo ndogo, asizungushe mwili miguu ikiwa imebaki. Wewe simama kando yake, usimvute mkono, mfunge mshipi mpana kiunoni ama leso imara na ushike hapo. Fanyeni asubuhi kabla achoke, hata dakika 20 lakini kila siku.

Fimbo moja kwa ataksia mara nyingi inamchanganya tu, inakuwa mguu wa tatu wa kupanga. Afadhali woka, ile fremu ya kushika ukitembea, ya magurudumu na iliyo na uzito, ile nyepesi ataitupa. Na malapa atoe, avae viatu vya kufunga, soli pana na bapa. Akitembea asiongee na simu, asimame kwanza.

Kuhusu matatu, aende hospitali ya serikali afanyiwe tathmini, aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu apate kadi. Najua kadi haifundishi mtu adabu, lakini inampa kitu cha kuonyesha kondakta kabla hajatupiwa maneno.

Na kwa sababu umetaja babake, kama ni ile aina inayotoka kwa mzazi mmoja basi kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi ugonjwa. Ongeeni na daktari wa neva kuhusu watoto, taratibu. Si chira, ile laana ya kuvunja mila, na hakuna mtu alikosea.

Swali: Binti yangu wa miaka 14 ana ataksia ya Friedreich. Mwalimu wa michezo amemtoa kwa PE kabisa na analia. Ni sawa? (Baba wa Luanda, Vihiga)

Jibu: Mzee, kumtoa kabisa si sawa, lakini kuna kitu kinakuja kwanza. Aina hii inaguza moyo pia, kwa hivyo apigwe eko, yaani picha ya moyo, na ECG, kipimo cha mapigo yake, daktari aseme anaweza fika wapi. Akishapewa ruhusa arudi kwa uwanja na mazoezi yake, kuogelea na mtu kando yake, baiskeli ya kusimama, kurusha mpira akiwa amekaa. Fisio amwangalie uti wa mgongo usipinde na nyayo zisikakamae, anyooshe visigino kila siku. Halafu jua kwamba neva za kuambia ubongo mguu uko wapi zimeharibika, macho ndio yanasaidia, ndio maana gizani anaanguka. Asifanye mazoezi kwa giza, na njia ya choo usiku iwe na taa. Mwalimu mpelekee barua ya daktari, wengi wanakataa kwa uoga tu.

Swali: Ndugu yangu ana kifafa, anatumia phenytoin, dozi iliongezwa na sa hii anatembea kama amelewa. Tumlete fisio? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Hapana, mrudishe kwa daktari wake leo, kesho isifike. Phenytoin ikizidi kwa damu inaleta hiyo hiyo ya kupepesuka, na macho kuchezacheza, na ikikaa juu muda mrefu inaweza haribu ubongo mdogo. Lakini msiache dawa wenyewe, kifafa kitarudi na nguvu. Na kwa wote wanaosoma, mtu akianza kupepesuka ghafla siku moja, na kichwa kinauma ama anatapika ama maneno hayatoki, hiyo inaweza kuwa stroki, yaani kiharusi, mkimbizeni kwa dharura.

Swali: Mikono inatetemeka nikiinua kikombe, naaibika wageni wakija. (Shosho, Bungoma)

Jibu: Shosho, weka viwiko vyote viwili juu ya meza, tumia kikombe kizito chenye mkono mkubwa, kisijazwe, nusu inatosha, na uinamie wewe kidogo badala ya kukileta mbali. Chai ikikupalia mara kwa mara ukimeza, hiyo mwambie daktari usingoje, kuna wataalamu wa kumeza na kuongea na wanaweza kukusaidia.