Barua pepe ipo kwenye simu, kompyuta haina: anza na seva

Barua imeingia kwenye simu, kompyuta ya ofisini haina habari nayo. Au umejibu ukiwa njiani, ukifika mezani folda ya zilizotumwa haionyeshi kitu. Tafadhali usikimbilie kufuta akaunti na kuiweka upya, maana hapo ndipo barua za miaka hupotea. Fungua kwanza sanduku lako kwa kivinjari, kwenye ukurasa wa mtoa huduma wako. Unachokiona pale ndicho kilichomo kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayotunza barua zako. Barua ikiwepo, shida iko kwenye kifaa. Isipokuwepo, tazama folda ya taka na vichujio, kisha tafuta kifaa kinachozizoa.

Mara nyingi kifaa hicho ni kile kilichounganishwa kwa POP3, njia ya kushusha barua hadi kwenye kifaa. IMAP ni njia nyingine: barua hubaki kwenye seva na kila kifaa huzisoma hapo. POP3 hushusha barua za kikasha (Inbox) peke yake, na isipoambiwa iache nakala, huzifuta kwenye seva. Kompyuta moja ya zamani pale mapokezi inatosha kuwanyima barua wengine wote. Utaitambua kwa poti ya kupokelea, yaani namba ya mlango iliyoandikwa kwenye mipangilio ya akaunti: 110 na 995 ni za POP3, 143 na 993 ni za IMAP. Vifaa vyote viwe IMAP, poti 993, SSL/TLS (usimbaji wa kulinda mawasiliano) ikiwa imewashwa.

Akaunti ya POP3 haibadilishwi kuwa IMAP papo hapo. Ongeza ya IMAP pembeni yake, hakikisha seva ina nafasi, kisha nakili barua za zamani kwenda folda za akaunti mpya, mia mbili au tatu kwa mkupuo. Ukizipeleka zote kwa pamoja, mtandao ukikatika hutajua zipi zimefika. Hakiki kwa kivinjari, ndipo uiondoe ile ya POP3.

Zilizotumwa zina kisa chake. Programu moja huziweka kwenye "Sent", nyingine "Sent Items", nyingine "Sent Messages", na zote tatu zinaweza kuwepo kwenye seva moja bila wewe kujua. Chagua ile inayotumiwa na ukurasa wa kivinjari, kisha ielekeze kila programu huko. Kwenye Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, ni "Account Settings", halafu "Copies & Folders". Fanya vivyo hivyo kwa rasimu na tupio. Gmail hujihifadhia yenyewe nakala ya kila barua inayopita kwenye seva yake ya kutuma, kwa hiyo zima uhifadhi wa nakala kwenye programu, la sivyo utaona barua mbilimbili.

Hitilafu inayosumbua kuliko zote ni ile inayokuja na kuondoka. Mara nyingi chanzo ni idadi ya miunganisho. Thunderbird inaweza kushikilia miunganisho 5 kwa akaunti moja. Seva zinazotumia Dovecot, programu ya seva za barua, mipangilio yake isipobadilishwa, huruhusu 10 kwa mtumiaji mmoja kutoka anwani moja ya IP, na kompyuta za ofisi moja kwa kawaida hutoka nje kwa anwani moja. Watu watatu wakitumia sanduku la pamoja, 15 hiyo, na atakayechelewa anakataliwa. Punguza hadi 2 kwa kila kompyuta. Gmail nayo ina kikomo cha 15 kwa akaunti.

Ikiwa folda moja tu kwenye Thunderbird inaonyesha barua pungufu, huenda faharasa yake (orodha ya barua zilizomo) imeharibika: bofya kulia juu ya folda, "Properties", kisha "Repair Folder". Kwa akaunti ya IMAP, folda itajipanga upya kutoka kwenye seva. Kabla ya hapo, hakikisha hakuna barua iliyobaki kwenye kompyuta hiyo pekee, na uwe na bando la kutosha, kwani huenda ikashusha tena kila kitu.

Simu inayopokea barua pale tu unapoifungua programu, iondoe programu hiyo kwenye vizuizi vya kuokoa betri. Tazama pia muda wa kusawazisha: ukiwa siku 30, barua ya miezi miwili nyuma haitaonekana, ingawa kwenye seva ipo salama.